Nilivyomwimbisha kondakta wa katuni

Wimbo niliotaka kuugeuza kuwa wa utani, wenye video ya katuni, ulikuwa wa mapenzi, wa msanii wa mtaani kwetu Dar es Salaam, na kiitikio chake kilikuwa na mstari ambao hata watoto waliushika: "Nirudie mama". Kila nilipousikia, nilimwona abiria aliyekwisha kushuka kituoni akimsihi kondakta wa daladala ampe chenji yake.

Kabla ya kuandika lolote nilimwomba msanii ruhusa. "Weird Al" Yankovic, Mmarekani aliyeigeuza "Beat It" ya Michael Jackson kuwa "Eat It" mwaka 1984, ana desturi hiyo hiyo, ijapokuwa mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, ilikubali kwamba wimbo wa kejeli unaweza kuhesabiwa kuwa matumizi halali ya kazi ya mwingine. Hukumu ya kwao hainilindi mimi wa Dar es Salaam, na isitoshe msanii huyu tunanunua mkaa duka moja. Alikubali kwa sharti kwamba nisitumie rekodi yake, sharti ambalo nililipokea kwa mikono miwili kwa sababu mfumo wa Content ID wa YouTube huzitambua rekodi za watu. Rafiki yangu mpiga kinanda akatupigia ala upya.

Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilianza na "Nirudishie chenji", ambayo kimaana haina kasoro, lakini mstari wa asili una mizani sita na mkazo wake unaangukia "di" na "ma", pale pale ngoma inapopiga, ilhali wangu ulikuwa na mizani saba na mkazo wa kwanza ukahamia "shi". Mwimbaji alilazimika kukimbia ili asiachwe na ngoma, na msikilizaji asipousikia wimbo wa zamani nyuma ya ule mpya, utani umekufa. "Nipatie chenji" ilikaa sawasawa: mizani sita, mkazo kwenye "ti" na "che". Beti zote nilizipima hivyo, nikigonga meza kwa kidole.

Kwa upande wa katuni, nilimrekodi mpwa wangu kwa simu akining'inia kwenye mlango wa stoo kama kondakta, noti zimekunjwa katikati ya vidole, sarafu zikilia kiganjani, kisha nikachora juu ya picha hizo kwa Blender, programu ya bure. Mchora katuni wa Marekani, Max Fleischer, aliiombea njia hii hataza mwaka 1915, na video ya "Take On Me" ya kundi la a-ha la Norway, ya mwaka 1985, ilichorwa hivyo kwa picha zinazokaribia 3,000. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, wimbo wa dakika moja ungedai michoro 1,440. Nilishikilia kila mchoro kwa picha mbili, ikabaki 720, na kule kukatikakatika kwa mwendo kulimfaa mtu anayesafiri katika gari bovu.

Mdomo sikuuchora juu ya mdomo wa mpwa wangu, ambaye hakuyajua maneno. Kwa kuwa karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, midomo mitano ya a, e, i, o na u ilinitosha kwa sehemu kubwa, nikaongeza mmoja uliofumbwa wa m, b na p, na mwingine wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa ajili ya f na v. Kila umbo nililitanguliza picha moja au mbili kabla ya sauti yake, kama wafanyavyo wachoraji wengi wa katuni, maana mdomo unaochelewa huonekana upesi kuliko unaowahi.

Msanii alipoiona alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniomba niondoe mstari mmoja tu, ule uliomgusa mama mkwe. Niliuondoa siku ile ile, na pengo lake nikalijaza kwa mlio wa sarafu.