Kwenye mfumo baba alikuwa hai

"Baba yupo?"

Nikamwambia alishafariki. Kijana wa steshenari akaacha kuchapa, akageuka na kiti chake, akanipa mkono. "Aisee, una bahati wewe. Yatima wanapewa kipaumbele."

Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa Julai 2016, matokeo ya kidato cha sita yana siku chache tu tangu yatoke, na kibanda chake pale Nansio kilijaa vijana wa Ukerewe wenye shida moja: kujaza maombi ya mkopo wa chuo kabla dirisha halijafungwa. Alikuwa anatoza shilingi 5,000 kwa kichwa. Fomu ile alishaijua kama njia ya kwao: hapa jina kama lilivyo kwenye cheti, hapa namba ya mtihani wa kidato cha nne, hapa wazazi. Kabla hujagusa lolote ulikuwa unalipia shilingi 30,000 za maombi, ambazo hazirudi, upate usipate. Hizo 30,000 mama alizitoa kwenye upatu wa wanawake wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, baada ya kumbembeleza mwenye zamu wabadilishane.

"Cheti cha kifo unacho?"

Sina.

"Basi yuko hai," akasema, akarudi kwenye kompyuta. "Kwenye mfumo yuko hai. Na kama yuko hai, nataka kazi yake, kipato chake na sahihi yake."

Baba alizama Februari 2004, nikiwa na miaka saba. Alikwenda kuvua dagaa usiku, asubuhi mtumbwi ukaonekana unaelea peke yake, karabai imezimika ikiwa bado imefungwa mahali pake. Siku ya tatu wavuvi wa mwalo wa jirani wakamleta. Tulimzika jioni ileile nyuma ya nyumba, karibu na michungwa. Hakupelekwa hospitali, maana hospitali ya nini, kwa hiyo hapakuwa na kibali cha mazishi, na pasipo kibali hapakuwa na cheti. Hakuna aliyeshtuka. Kijiji kizima kilikuwa pale makaburini, nani angedai ushahidi? Miaka kumi na miwili mama alikuwa mjane wa mtu ambaye serikali haikuwa na habari kwamba amekufa.

Nikarudi nyumbani na fomu imechapwa, sehemu ya baba ikiwa wazi.

Kuna mwalimu mstaafu pale kijijini ambaye kila kijana aliyefaulu alikuwa anapita kwake kuaga. Nilipomweleza habari za fomu akacheka mpaka akakohoa. Enzi zao, alisema, serikali ilikulipia kila kitu, hata nauli: ulipewa waranti, unapanda meli na treni bila kutoa senti. Kisha ikaja habari ya kuchangia gharama, kisha mikopo, kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mwaka wa sheria hiyo ndio mwaka aliokufa baba. Mwalimu hakuliona hilo, mimi niliona, nikanyamaza.

Mama yeye alikuwa na swali moja tu kuhusu mkopo. "Ukifa kabla hujalipa, deni linakuja kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia haliji.

Siku iliyofuata tukaenda ofisi ya kijiji. Tulikuwa na mambo mawili kwa mtendaji: barua ya kuthibitisha kwamba baba alikufa, ili tukaapishwe mahakama ya mwanzo na kuandikisha kifo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, na muhuri wake kwenye fomu ya mkopo, sehemu inayoeleza hali ya familia. Njiani nilimpanga mama. Niseme ukweli, nilimpanga vizuri. Nilimwambia akiulizwa mali aseme hana. Asitaje ng'ombe. Wenzangu wote pale steshenari walikuwa wamejaza hivyo, hata yule ambaye baba yake ana duka la nyavu na bati la msauzi. Tulikuwa tukisikia kwamba huko Dar es Salaam kompyuta inapima nani maskini zaidi ya nani, na sisi tulikuwa tunashindana kushuka.

Mama hakunijibu. Alikuwa amevaa kanga yake ya kwendea kanisani na viatu ambavyo kwa kawaida hubeba mkononi hadi akaribie anakokwenda.

Mtendaji alikuwa kijana, mgeni, amehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia. Akampa mama shikamoo na kiti. Kisha akafungua daftari refu la michango, akapitisha kidole. "Mama, hapa naona hujamaliza mchango wa maabara."

Ule mchango wa maabara za sekondari za kata, waliokuwepo wanaukumbuka. Usipolipa hupati barua, na hapakuwa na kukata rufaa.

Mama akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Humo mlikuwa na noti mbili, sindano, na kifurushi kidogo cha nailoni kilichofungwa kwa uzi. Akakifungua taratibu, kama mtu anayemenya yai. Stakabadhi zikatoka, zimekunjwa mara nne nne: maabara awamu ya kwanza, maabara awamu ya pili, madawati, mwenge. Mama hajui kusoma. Alizitambua kwa rangi na kwa mikunjo, na ile ya maabara awamu ya pili ilikuwa na alama ya mafuta ya taa pembeni. Akaiweka mezani, akailainisha kwa kiganja.

Mtendaji akaisoma, akalinganisha na daftari, akaandika kitu. "Samahani, mama."

Barua ya kifo aliiandika bila tabu. Mjumbe na baba mdogo walikuwa mashahidi. Alipofika kwenye umri wa marehemu, mama alikuwa ametoka nje kumwita baba mdogo aje asaini. Mtendaji akaniuliza mimi. Nikasema thelathini na nane. Sikujua. Nilipiga hesabu ya haraka, nikaona haiwezi kuwa mbali na hapo.

Ndipo tukaja kwenye fomu.

"Shughuli ya mama?"

"Mkulima na muuza dagaa," mama akasema.

"Kipato kwa mwezi?"

"Inategemea mbalamwezi." Akamweleza: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, hakuna biashara, giza likirudi, debe linauzika. Mtendaji akanitazama, nikatazama chini. Akaandika namba aliyoijua mwenyewe.

"Mali?" Hakungoja jibu. Nadhani alitaka kutusaidia, na nadhani alishawasaidia wengi wiki ile. "Naandika hana."

"Hana ni nani?"

"Wewe, mama. Ni lugha ya fomu tu."

"Andika ng'ombe wawili."

Nikamgusa kiwiko. Akausogeza mkono wake.

"Mama," mtendaji akashusha sauti, "ukiandika ng'ombe, kule Dar wataona una uwezo. Mtoto atakosa."

"Basi waje wamkamue waone anatoa kiasi gani." Baba mdogo, pale mlangoni, akacheka kwa pua. Mama hakucheka. "Andika ng'ombe wawili. Andika mihogo, ekari moja na nusu. Andika michungwa kumi na minne. Mtumbwi pia, umeoza lakini upo. Huyu mtoto baba yake alimwachia vitu. Nimevitunza miaka kumi na miwili, leo uniandikie sina?"

Kimya. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilikuwa nimeona haya za aina mbili kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa: haya kwamba anatuharibia, na haya kwamba ninamwonea haya.

Mtendaji akaandika. Ng'ombe 2. Shamba ekari 1.5. Michungwa 14. Alipofika kwenye mtumbwi akauliza kama ni lazima, mama akasema ni lazima.

Mama ndiye alikuwa mdhamini wangu, kwa hiyo akatakiwa kuweka dole gumba. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Mtendaji akakidondoshea maji kutoka kwenye kifuniko cha chupa, akasugua kwa kidole chake mwenyewe, akamshika mama mkono. Alama ya kwanza ilitoka doa tupu. Ngozi ya kidole imelika, alisema, kwa magamba ya samaki na jembe. Alishaona wengi hivyo. Akamfuta kwa pamba, akarudia. Ya pili ikatoka nusu. Ikabidi itumike hiyo.

Kiapo kilituchukua siku mbili, cheti siku kumi zaidi, na safari tatu za Nansio kwa baiskeli ya kuazima. Nikabandika picha za pasipoti, zangu na za mdhamini, nikatoa nakala na kuzigonga mihuri, nikatuma bahasha kwa EMS pale posta. Karani aliipima kwenye mizani. Nakumbuka nilishangaa ilivyo nyepesi.

Majina yalitoka Oktoba, kwa awamu, na mwaka ule wengi walikosa. Langu lilikuwamo. Nilikuwa nimechaguliwa ualimu wa fizikia na hisabati, na walimu wa sayansi walikuwa kwenye kipaumbele, pamoja na yatima. Sijui kilichonibeba ni kipi kati ya hivyo viwili. Nilipewa chakula na malazi, shilingi 8,500 kwa siku. Vitabu na viandikwa, 200,000 kwa mwaka. Na ada sehemu tu, nyingine nijitafutie. Yule mwenye baba wa duka la nyavu alikosa kabisa mwaka wa kwanza. Ningependa kusema ilikuwa haki yake, ila kuna binti mmoja wa Ukara, hali yao mbaya kuliko yetu, naye alikosa.

Ila mkopo unakukuta chuoni. Hauji nyumbani kukuchukua. Nauli ya meli hadi Mwanza, ya basi hadi Dar es Salaam, godoro, na hela ya kula mpaka bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, litoke, vyote vilitakiwa kabla. Mama akauza ng'ombe mmoja mnadani.

Bumu la kwanza lilitoka Novemba. Tulipanga foleni ya kusaini toka saa kumi na moja alfajiri, mimi nikiwa nimeishi wiki mbili kwa mkopo wa mama ntilie aliyekuwa akiandika madeni yetu ukutani kwa mkaa. Siku sitini mara 8,500, shilingi 510,000. Sijawahi kushika fedha kama ile. Nikalipa mama ntilie, akafuta jina langu kwa kitambaa cha kupangusia meza, halafu nikampigia mama kwenye simu ya baba mdogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hao watu wa fomu, waambie amebaki mmoja."

"Mama, hawahitaji kujua."

"Waambie. Iliandikwa wawili."

Sikuwaambia. Ningewaambia kupitia wapi?

Sheria ilibadilishwa wakati nikiwa mwaka wa kwanza: makato ya mkopo yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Wakati huo halikuniuma, sikuwa na mshahara. Sasa ninao, na kila mwezi ninaiona ile 15 kwenye hati ya mshahara. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, maana ilikuwa inafanya deni lipande ngazi wakati wewe unalipunguza.

Likizo ya kwanza niliporudi, mama alikuwa amekihifadhi cheti cha kifo kwenye kile kifurushi cha nailoni, na sasa kifurushi kilikuwa kimehamia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Baba hakuwa na picha. Hakuwa na kitambulisho kilichobaki, wala kadi ya chama. Ile ilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina lake.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma jina, lote, matatu. Nikasoma mahali. Tarehe. Chanzo cha kifo: kuzama majini. Umri: miaka 38.

Akanyoosha mkono akaichukua, akaiangalia kama vile angeweza kuiona ile namba.

"Alikuwa na thelathini na nne," akasema. "Nani aliwaambia thelathini na nane?"