Ni Nani Basi Awezaye Kuokoka?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijatulia tangu tulipotoka jumuiya yetu hapa Tabata bila kuelewana. Tulikuwa tunasoma Mathayo 19, habari za yule kijana tajiri, lakini haikuchukua muda tukamwacha kijana na kuanza kusemana sisi kwa sisi. Ndugu mmoja alisisitiza kwamba mtu aliyeokoka sawasawa hawezi kuzeekea nyumba ya kupanga. Kama bado unapanga, kagua imani yako. Akatufungulia Kumbukumbu la Torati 28, ahadi ya kuwa kichwa wala si mkia. Mwingine akamjibu kwamba tajiri haingii mbinguni, asome habari za ngamia na tundu ya sindano. Wakabishana mpaka sala ya kufunga.

Neno la yule wa kwanza lilinichoma. Mimi napanga. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na biashara Kariakoo mwaka huu ni ya kusukuma siku tu. Nimefunga na kuomba, na kuna usiku nimemuuliza Mungu kama ananiona. Mtu wa namna hiyo ukimwambia shida zake zinaonyesha hana imani, anarudi nyumbani na kodi yake vilevile, na juu yake umembebesha hatia.

Basi nikairudia sura ile polepole, nikakwama kwenye mstari wa 25. Wanafunzi waliposikia habari ya ngamia walishangaa mno, wakasema, "Ni nani basi awezaye kuokoka?" Mbona washangae? Wao hawakuwa matajiri, na Petro anasema palepale kwamba wameacha vyote. Walishangaa kwa sababu walizoea kuamini kwamba mwenye mali ndiye aliyebarikiwa na Mungu. Kama huyo hapiti, atapita nani? Kumbe hoja ya ndugu yetu ilikuwapo siku ile mbele ya Yesu, na Yesu hakuikubali.

Wala hakusema kwamba maskini anaingia kwa sababu ya umaskini wake. Alisema, "Kwa wanadamu hilo haliwezekani, bali kwa Mungu yote yawezekana." Wanadamu ni sisi sote, matajiri wa Masaki na watu wa hali ya chini wa Mbagala. Ndugu yangu uliyefanikiwa, gari lako halikuombei. Nawe mama unayeamka alfajiri kuchoma vitumbua, umaskini wako haujakufungia mlango wala haukufungulii. Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu. Mshike Yesu hapo ulipo, ukiwa na deni au ukiwa na akiba. Hakupendi kidogo leo kwa sababu mtaji umekatika!

Zakayo alikuwa tajiri na wokovu ulifika nyumbani mwake, kwa hiyo mali yenyewe si dhambi. Ila tazama alichofanya akiwa na Yesu nyumbani: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne.

Sisi Walutheri tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Kila Oktoba 31 tunakumbuka hoja 95 za mwaka 1517, Martin Luther alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, karatasi ambazo watu walinunua wakiamini zinawaondolea adhabu ya dhambi. Tunasimulia habari za Wittenberg, mji alikotolea hoja hizo, lakini hoja ya 45 hatuisomi. Inasema kwamba anayemwona mhitaji akampita, kisha akatoa fedha yake kununua cheti, hanunui msamaha wa Papa bali anajinunulia ghadhabu ya Mungu.

Hapa niseme wazi, na mnivumilie. Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada, jogoo wa kawaida anapandishwa mpaka laki na zaidi, vigelegele vinapigwa, jina linatajwa. Ni vizuri, kanisa linajengwa. Lakini dada wa kazi nyumbani kwako umemlipa? Huyu binti ametoka kwao mkoani, anawalea watoto wako ili wewe uwahi kwaya, na kila mwisho wa mwezi unamwambia "subiri kidogo". Fundi aliyekujengea ukuta anapiga simu hupokei. Dukani kwa Mangi daftari la madeni limejaa jina lako. Halafu tunakaa jumuiya tunabishana nani ana imani! Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Unapoimba pambio kwa sauti kubwa, vilio hivyo navyo Mungu anavisikia.

Kumbukumbu la Torati hilohilo tulilosomewa, nenda sura ya 24, mstari wa 15: kibarua alipwe siku yake, jua lisichwe kabla hajapata, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaweka kitu kwenye bahasha ya Jumapili, mwite binti yule, mkae, mhesabu miezi, umpe chake chote. Kama fedha haitoshi kote kuwili, bahasha isubiri. Mzee wa kanisa akikuuliza, mweleze ulikoipeleka.