Usukani Unaonata: Pima Kwanza, Ndipo Usugue

Gari likishinda juani Industrial Area, Nairobi, tangu asubuhi, ukilirudia saa kumi jioni usukani unakushika viganja kama karatasi ya peremende iliyoyeyuka. Ukikata kona unasikia mkono ukibanduka. Wengi hununua kava papo hapo kwenye foleni, wakaivalisha, wakasahau. Kava hiyo nitairudia, maana huzidisha tatizo.

Usukani hunata kwa sababu mbili tofauti, na ukikosea sababu utaharibu kitu kizima. Ya kwanza ni uchafu: jasho, mafuta ya ngozi, losheni, sanitaiza yenye gliserini na polishi ya dashibodi, vyote vikichanganyika na vumbi. Ya pili ni utando wa juu wa usukani kuoza. Sukani nyingi, ziwe za ngozi au za plastiki laini, hupakwa utando wa poliyurethani, na utando huo huvunjwavunjwa polepole na unyevu, joto na mafuta ya mikono. Gari la mtumba lililoshuka bandarini Mombasa likiwa na miaka saba, kisha likaendeshwa hapa kumi mingine, lina utando wa miaka kumi na saba. Usishangae ukilainika.

Kipimo ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa maji ya vuguvugu, kikamue, usugue sehemu ya ukubwa wa kidole gumba pale mikono inaposhika zaidi. Sugua mara kumi hivi, kausha, ngoja dakika kumi, uguse. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai na sehemu ile ikawa kavu, huo ni uchafu. Kikitoka na rangi ya usukani wenyewe, na sehemu ile bado inanata au imezidi kunata, utando unakufa. Kisha gusa chini kabisa ya duara, upande wa nyuma, ambapo mkono haufiki mara nyingi. Uchafu haujai huko. Kama huko nako kunanata, jibu umelipata.

Tuanze na uchafu, ambao ndio wa kawaida zaidi na wa bei nafuu. Egesha kivulini, zima injini, acha usukani upoe, kwa sababu ukiwa wa moto sabuni hukauka kabla hujaifuta. Nusu lita ya maji ya vuguvugu yatosha, pamoja na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo. Usizidishe, mabaki ya sabuni nayo hunata, na hapo utadhani usukani haujaoshwa. Andaa vitambaa vitatu: cha sabuni, cha maji matupu, na kikavu. Maikrofaiba ni bora, lakini fulana kuukuu ya pamba inafanya kazi vilevile.

Kamua kitambaa cha sabuni hadi kisidondoshe hata tone. Fanya robo moja ya duara kwa wakati: sugua, futa kwa maji matupu mara moja, kausha, ndipo uhamie robo nyingine. Kwenye mshono tumia mswaki laini, ukifuata uzi. Ukisugua kwa kuukata uzi utaunyofoa. Maji yakiwa meusi yamwage, uchanganye mengine. Gari la miaka mingi huhitaji mizunguko miwili au mitatu, na kati ya mizunguko acha usukani ukauke kabisa, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hudanganya vidole.

Usinyunyizie chochote moja kwa moja. Nyuma ya kitufe cha honi kuna mfuko wa hewa (airbag, unaofumuka gari likigonga) na nyaya zake, na swichi za redio zilizo kwenye usukani hazipendi maji. Pembeni mwa vitufe tumia kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kikiwa na unyevu kidogo tu.

Spiriti ya duka la dawa hukata mafuta upesi, lakini kwenye ngozi hung'oa rangi pamoja na uchafu. Iache kwa plastiki, na hata hapo ijaribu kwanza upande wa chini. Thina, petroli na Jik ya kung'arishia nguo zikae mbali kabisa. Polishi ya viatu nayo, jamani, ni ya viatu: jua likipiga inayeyuka na kuhamia kwenye shati. Vaselini na mafuta ya nazi hupoza kunata kwa siku moja, kisha hukusanya vumbi, na siku ya tatu hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa utando uliooza. Usukani usio na ngozi unaweza kuokolewa kwa spiriti ya asilimia 70. Lowesha kitambaa, sugua eneo dogo, na utando utaanza kujiviringa kama vumbi la kifutio. Badilisha kitambaa mara kwa mara, la sivyo unaupaka upya. Kazi hii hula jioni nzima, na rangi inayobaki haitakuwa sawa kila mahali. Ila kama ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki, basi umbo lenyewe limelainika, na hakuna cha kusugua tena.

Usukani wa ngozi mpelekee fundi. Fundi wa kurekebisha ngozi atausafisha, aupitishe msasa mwembamba wa namba 800 au 1000, apake rangi ya ngozi ya maji kwa tabaka nyembamba, kisha utando mpya usiong'aa. Fundi wa viti yeye atashona ngozi mpya juu yake. Mwombe ngozi ya unene wa milimita moja hivi. Iliyo nene zaidi hufanya mshono kuwa nundu na duara kuwa kubwa kwa mkono. Ikishonwa vizuri haizunguki hata ukiipinda kwa nguvu.

Akisema lazima ang'oe usukani, kwanza atoe waya hasi wa betri na kungoja muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka, na ule utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani usizungushwe. Ukikatika, taa ya mfuko wa hewa inawaka na honi inakufa.

Kuhusu kava ya kuvalisha: juu ya usukani unaonata, hufungia jasho na joto ndani, utando ukaoza haraka zaidi, na siku ya kuivua hubanduka na vipande. Ikiwa legelege, huteleza mkononi katikati ya raundiabauti.

Ukishasafisha, futa kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki na uweke kizuia jua kwenye kioo cha mbele. Polishi nyingi za dashibodi zina silikoni, na silikoni kwenye usukani ni utelezi mtupu. Kwa hiyo mwambie kijana wa kuosha magari mapema, kabla hajafungua chupa: dashibodi sawa, usukani hapana.