Na Wewe Unaona Sawa?

Shangazi ameondoka tangu Jumapili jioni, lakini sauti yake bado iko sebuleni. Alisimama mbele ya tangi la samaki, mkoba ungali begani, akainama, akasema, "Kwani siku hizi unafuga uchafu?"

Nikamjibu, "Si uchafu, Shangazi, ni mwani."

"Haya. Na wewe unaona sawa?"

Nikanyamaza. Nikaenda jikoni kumletea maji ya kunywa.

Leo siku ya nne, nami nimeshamjibu mara hamsini: kitandani, bafuni, hata kwenye kikao walichotutangazia kwamba idara yetu inavunjwa. Juzi usiku lilinijia jibu zuri kuliko yote, kwamba mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea wowote, na kwamba hakuna tangi lenye uhai lisilo na mwani kabisa. Ni kweli tupu. Lakini Shangazi hakuniuliza hayo.

Kinachouma ni swali la pili, kwa sababu sikuwa naona sawa. Tangi hili ni la Zuhura, nami nilimwahidi kulitunza siku aliyofunga sanduku lake akaondoka. Miezi miwili sasa majani ya anubias, ule mmea wa majini, yameota vishungi vyeusi kingoni, kama ndevu (cha ajabu, weusi ule ni wa jamii ya mwani mwekundu). Vioo nikivikwangua Jumamosi, kufika Jumatano ni kijani tena. Kila siku nilikuwa napita hapo nikijiambia, wiki ijayo.

Jumatatu usiku nikatoa vichupa vya kupimia maji. Nilikuwa na hakika naitreti, chumvi inayolisha mimea, imepanda, maana wengi wetu tumezoea kusema mwani ni dalili ya maji yaliyozidiwa na mbolea. Amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, sifuri. Naitraiti, sumu inayotokana nayo, sifuri. Naitreti nayo, sifuri! Nikarudia, safari hii nikiitikisa ile chupa ya pili ya kipimo cha naitreti hadi mkono ukachoka, kwa sababu isipotikiswa vizuri hudanganya. Sifuri. Nikakaa sakafuni. Maji hayakuwa machafu, yalikuwa na njaa. Mimea ilikuwa imemaliza kila kitu ikaacha kukua, na mwani, ambao hutosheka na kidogo sana, ukashika nafasi. Halafu taa. Tangi kama hili linatosheka na mwanga wa saa 6 hadi 8 kwa siku, na langu lilikuwa likipata 11. Niliongeza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu jioni nyumba imekuwa kimya mno na nilipenda kukaa karibu na ile nuru.

Dawa ya kuua mwani sikuitaka. Mwani mwingi ukifa kwa mkupuo huoza, oksijeni ikapungua na amonia ikarudi. Nilibadilisha nusu ya maji, lita 45 zilizotolewa klorini. Sifongo ya chujio nikaikamua ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, kwani klorini ya bombani ingewaua bakteria wanaoigeuza amonia. Kisha nikakata majani saba. Anubias haina haraka, jani moja hukaa miezi na miezi, ndiyo maana mwani hupata makao juu yake. Kila jani lililoanguka nilimwomba Zuhura radhi kimoyomoyo. Mwisho nikatia mbolea kidogo yenye naitreti na kurudisha taa kwenye saa 6 kwa siku.

Bado ni mapema, vioo vitanieleza wiki mbili zijazo. Ila jana jioni nilimtumia Zuhura picha, naye akauliza neno moja tu: "Uduvi?" Nikapiga magoti kuwahesabu. Kumi na wawili, wote wapo, na mmoja amebeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa vimiguu vyake bila kupumzika. Nilikaa nikimtazama hadi taa ikajizima yenyewe. Gizani swali la Shangazi likarudi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama aliposema "na wewe" alikuwa bado anaangalia samaki.

Nitampigia Jumamosi. Mama ndiye sijampata. Tangu Jumanne simu yake inaita tu, na kaka ananiambia nisihofu, kwa ile sauti anayoitumia akiwa na hofu yeye.