Siku moja maishani mwangu: naandaa hati ya ufundi ya bendi

Nikisema kazi yangu ni kuandika mahitaji ya kiufundi ya bendi, wengi hudhani mimi ni karani tu. Lakini kabla gitaa halijalia jukwaani, lazima awepo mtu aliyekwisha kuhesabu kila maiki, kila stendi na kila soketi. Mtu huyo ni mimi.

Saa 2 asubuhi. Nafungua hati ya onyesho lililopita na kubadilisha tarehe kwenye kila ukurasa. Fundi mitambo akichapisha toleo la zamani, atalipanga jukwaa kwa bendi ambayo haipo tena.

Saa 3. Orodha ya chaneli, yaani njia za sauti kuingia kwenye miksa, mtambo wa kuchanganya sauti. Ya 1 ni ngoma ya besi, ya 2 na ya 3 ni sneya (ngoma yenye mlio mkali), maiki moja juu na moja chini, ya 4 haihati (matoazi mawili ya kanyagio). Zinafuata tomu (ngoma nyingine za seti ya drams), matoazi, gitaa la besi, magitaa mawili, kinanda, konga, saksafoni, tarumbeta na waimbaji wanne. Vingine vinachukua chaneli zaidi ya moja, jumla 22. Mbele ya kila chaneli naandika maiki tunayoitaka: Shure SM57 kwenye sneya, SM58 kwa waimbaji, kondensa juu ya matoazi. Hizo za kondensa naziwekea alama kwamba zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa.

Saa 4 na nusu mpiga kinanda anapiga simu: atakuja na vinanda viwili. Kwake ni sentensi moja. Kwangu ni chaneli 2 zaidi, visanduku viwili vya DI (vya kuunganishia kinanda na miksa), stendi, soketi, na mchoro wa jukwaa kuanza upya. Nachora, na chini ya ukurasa naandika HADHIRA kwa herufi kubwa, kwa kuwa kushoto na kulia kwa jukwaa huhesabiwa kwa msanii anayewatazama watu, na wapo wanaousoma mchoro kinyume.

Saa 6 namtumia mratibu wa onyesho. Jibu linarudi papo hapo: "Kila kitu kipo." Hati ina kurasa tano, hakuna aliyeisoma kwa kasi hiyo. Nampigia.

"Miksa ina chaneli ngapi, kaka?"

"Dada, usijali, ni kubwa."

"Kubwa ya ngapi?"

"Bendi kubwa kubwa zimepiga hapa."

"Na monita?" Nazungumzia spika zinazowarudishia wanamuziki sauti jukwaani.

"Zipo za kutosha."

Naomba namba ya fundi mitambo. Anasema anaituma. Haitumi. Napiga tena, hapokei. Naandika ujumbe, anausoma, kimya. Huyu si mtu mbaya, ila anaona maswali yangu ni dharau kwa ukumbi wake, wakati mimi najaribu kumwepusha na aibu ya kugundua upungufu huku watu wameshapanga foleni mlangoni. Alasiri yote inaishia hapo, sijala, simu mkononi. Hatimaye anatuma picha ya miksa, ya gizagiza. Naivuta, nahesabu vidhibiti kimoja kimoja. Ni 16. Sisi tunataka 24.

Namba ya fundi inakuja giza likiwa limeshaingia. Ni mtu wa kazi, anapokea na kusema, "Leta orodha, dada, tuipunguze." Tunatoa sneya ya chini na haihati. Tomu mbili za juu zinagawana maiki moja, matoazi yanabaki na moja, konga moja. Mpiga kinanda itabidi aviunganishe vinanda vyote kwenye miksa yake ndogo na kutupa waya mmoja. Zimetimia 16. Monita tulitaka njia sita, zipo mbili: moja ya waimbaji, moja ya waliokaa nyuma.

Mpiga drams anagoma kuhusu haihati yake. Namweleza kwamba maiki ya juu ya matoazi inaichukua vizuri, na kwamba mwimbaji asiye na maiki ni hasara kubwa zaidi. Anakubali shingo upande. Macho yananiuma, lakini napitia namba zote tena, mchoro na orodha viseme jambo moja. Natuma.

Fundi anajibu kwa swali: mpiga konga anakaa au anasimama? Anasimama. Basi maiki yake inataka stendi ndefu. Naiongeza kwenye orodha na kutuma tena.