Siku Moja Maishani Mwangu: Ng'ombe Kwanza, Wageni Baadaye

Saa kumi na nusu alfajiri. Nashuka ngazi viatu mkononi, maana ubao wa tatu unalia na wageni wanne waliolipia kulala hapa shambani kwetu bado wamelala.

Saa kumi na moja. Kukamua. Naosha viwele, nakausha, matone ya kwanza nayakamulia kikombeni nione kama yana mabonge. Kila baada ya saa 12 hivi kazi hii hurudi, iwe sikukuu au msiba.

Saa moja na nusu. Wageni wako mezani. Mmoja, mwalimu mstaafu, anauliza wanachouliza wote: nyumba hii ina umri gani? Namwonyesha ukuta. Mawe ya chini aliyapanga babu yake baba, matofali ya juu ni ya babu, simenti ya kando ya dirisha ni yangu, ndiyo maana imepinda. Anacheka.

Kuna kipande ambacho huwa nakiruka: chumba alicholala kilikuwa zizi la ndama. Bei ya maziwa ilishuka, baba akauza nusu ya ng'ombe, zizi likabaki tupu. Mama akalisugua wiki nzima, akapaka chokaa, akaingiza vitanda viwili. Baba alinuna. "Hili ni shamba, si gesti," alisema, na mgeni wa kwanza alipofika akajificha ghalani mpaka usiku. Malipo ya mgeni huyo yalilipia chakula cha mifugo.

Saa nne. Shuka, foronya, kudeki. Sina la kusema zaidi.

Saa saba. Mwalimu ananikuta natengeneza uzio. "Kumbe na nyinyi mmefuata mtindo wa siku hizi?" Namwambia si wa siku hizi. Ufaransa, Gîtes de France, shirikisho la nyumba za wageni za vijijini, liliundwa mwaka 1955. Majengo ya vijijini yaliyokuwa yanabomoka yakakarabatiwa yapokee wageni, mkulima apate cha ziada asihamie mjini. Italia ikatunga sheria ya utalii wa shambani mwaka 1985, na sharti lake ndilo ninalolipenda: kilimo kibaki kazi kuu. Baba hajawahi kuisoma, lakini ndivyo alivyotuwekea masharti.

Saa kumi na mbili jioni. Nikiwa nakamua, ng'ombe aliyetimiza siku 280 za mimba anaanza kusukuma. Wageni wanajazana mlangoni, kimya. Ndama jike. Baba, na fimbo yake, amejiteua kuwaeleza: ndama huzaliwa hana kinga, huipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, kwa hiyo lazima ainywe saa hizi za mwanzo. Siku hizi humnyamazishi.

"Atalala wapi?" anauliza mwalimu.

"Pale, zizi jipya," anajibu baba. "Zamani angelala hapo unapolala wewe."

Mwalimu ananigeukia. Nimeinama, nahangaika na komeo la mlango ambalo halina tatizo lolote.