Chai ya maji ya ziwa, Sibiloi 2013

Watu wakijua niliwahi kuwa mpishi wa safari swali huwa ni moja tu, eti mbuga gani ilikuwa nzuri kuliko zote, na wananiangalia wakingoja niseme Maasai Mara. Mara nimepika sana sikatai, lakini kule unapika umetulia, mboga inatoka Narok, barafu iko, nyanya zikiisha unapiga simu zinaletwa. Mimi huwasimulia Sibiloi. Wengi hata hawaijui, na ni mbuga ya taifa tangu 1973, iko kule juu kabisa upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ukiendelea kidogo uko Ethiopia.

Ilikuwa Agosti 2013, ule mwaka wa uchaguzi. Tulikuwa na wageni wanne, mzee wa Kijerumani na mkewe, wote wamestaafu, na mwalimu mmoja wa chuo kikuu Nairobi pamoja na binti yake. Gari la wageni landkruza nzuri, sisi wa nyuma landkruza ya mizigo ambayo hata kioo cha dirisha ulikuwa unakipandisha kwa mkono, unakivuta hivi juu halafu unaweka kijiti. Dereva wangu alikuwa mzee wa Nyeri, sote tulimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, naye mimi aliniita kijana mwanzo wa safari mpaka mwisho, sidhani alijua jina langu.

Siku hizi ukitoka Isiolo ni lami tu mpaka Marsabit na mpaka Moyale. Wakati huo lami ilikuwa inaishia Merille, baada ya hapo ni vijituta vidogo vidogo vinavyotetemesha gari mpaka unaongea sauti inakatika. Mayai nilikuwa nimeyafukia ndani ya unga, hiyo ni mbinu ya wapishi wote wa safari, hakuna lililovunjika. Shida ilikuja kwa maji. Tulijaza jerikeni zote Kalacha, pale kuna chemchemi na mikoma, ngamia wa Wagabra wamepanga foleni kuliko watu wa benki, tukavuka ule weupe wa jangwa la Chalbi ambapo unaona maji mbele yako saa nzima na hamna maji, tukalala North Horr. Kesho yake ndo tukaingia kwa yale mawe meusi. Guka akaendesha kimya kitambo halafu akasema, "Kijana, hili gari limekuwa jepesi."

Tukashuka. Jerikeni zilikuwa zimegongana na kusuguana mpaka zikatoboka chini, nyuma kote maji tupu, viazi vinaelea. Zilizobaki nzima zingetosha wageni kunywa, si kupika na kuosha na sisi wenyewe.

Pale Karsa, lango la mbuga, tulipewa askari wa kutusindikiza, kijana wa Kigabra, mpole sana, bunduki yake kaivalia kama begi la shule. Guka akamwuliza maji tutapata wapi, akaonyesha kwa kidevu. Ziwa lote lile, kijani kijani, upande wa pili huuoni. "Hayo tunakunywa sisi, afande?" "Mimi nimekua nayo," akasema, akacheka, na meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia kama ya watu wengi wa pande zile, floraidi iko juu.

Kabla ya kufika kambi tukasimama msitu wa mawe. Ukiambiwa msitu unatarajia kitu kimesimama, kumbe ni magogo yamelala chini kwenye mteremko, yamekatikakatika, gamba unaliona, pete za ndani unaziona. Guka kuona vile akaniambia teremka haraka uchukue kuni kabla wageni hawajashuka, gesi tuipunguzie. Afande akasikia. "Mzee, hizo ukiziwasha zikawaka niite na mimi niote." Ni mawe. Zamani sana, mamilioni ya miaka, huko kulikuwa na mvua na miti mikubwa, ikafukiwa, ikageuka. Na huruhusiwi kuokota hata kipande cha kidole, hilo tuliambiwa mara mbili. Yule mama Mjerumani alikaa chini kando ya gogo moja akaliwekea mkono, hakutaka kuondoka, mumewe naye anaangalia saa manake alikuja kwa ajili ya simba.

Simba hatukuona, niseme mapema. Tuliona choroa, tuliona wale nyamera wa kaskazini, punda milia wa Grevy kwa mbali sana wenye mistari myembamba, mbuni, swala granti. Wote wana wasiwasi, gari likisimama tu wanaondoka. Si Mara ambako simba analala kivulini kwa gari lako. Pia mifugo imo, mbuzi na ngamia, wachungaji wana bunduki zao, na afande alisema wazi ukame ukibana hakuna mstari wa ramani unaozuia ng'ombe mwenye njaa. Mzee Mjerumani akanung'unika siku ile yote. Mimi sikumlaumu wala sikumwonea huruma, bei alilipa ya jangwa na jangwa akapewa.

Tukapiga kambi Alia Bay. Sasa wapishi wenzangu watanielewa: upepo wa kule si upepo. Unaanza giza likiingia, usiku kucha unavuma, asubuhi mpaka jua lipande ndo unatulia, na ukitulia joto linashuka juu yako lote kwa mara moja. Kwa ajili ya upepo huohuo ndo walikuja kuweka mitambo 365 ya umeme kule kusini, njia ya Loiyangalani. Kwa hiyo chakula cha jioni nilikuwa nakipika saa tisa mchana, jasho linaingia kwa sufuria, nimefungua milango ya gari pande zote na kuegesha meza ubavuni, la sivyo moto wa gesi unalala.

Kuchota maji nilienda na afande. Alitembea mbele, akasimama maji ya kifundo cha mguu, akaangalia kushoto na kulia muda mrefu, ndo akaniambia chota, na chota upesi. Mamba wa Turkana hesabu zao ni maelfu, na ghuba ile wanaipenda. Tuliwaona wamelala mchangani mita chache tu, mmoja nilidhani ni mtumbwi umetupwa.

Maji yenyewe ukiyaonja yanateleza mdomoni, kama sabuni hivi na chumvi kidogo. Nikaweka maharagwe. Haya maharagwe ya nyayo, yale ya kuchemsha masaa, nilikuwa sijayaloweka sababu ya maji, nikajua hapa nitamaliza mtungi wa gesi. Nikageukia kukata vitunguu, naja kuonja yameiva! Yamepasuka, laini, supu nzito. Guka akala kijiko cha kwanza akaniangalia kwa macho makali, mzee ana vidonda vya tumbo. "Kijana, umetia magadi?" Nikamwambia Guka mimi sijatia kitu, ziwa ndo limetia. Mwalimu akacheka, akaeleza ziwa halina njia ya kutokea, mto Omo unaingia kutoka Ethiopia na maji karibu yote, yakifika hapa kazi yao ni kukauka tu, magadi yanabaki. Chai lakini ilinishinda. Ikawa nyeusi kama lami, majani kidogo tu, maziwa ukiweka inakuwa rangi ya matope, na ladha siwezi kuieleza. Binti wa mwalimu alimwaga yake mchangani akidhani simwoni. Afande alikunywa vikombe vitatu, akasema hii ndo chai.

Kesho yake tukapanda Koobi Fora, pale wanapochimba mifupa ya kale, kwenye kile kiulimi cha mchanga kilichoingia ziwani. Kuna vibanda vimejengewa juu ya mifupa palepale ilipopatikana, tembo wa zamani, kobe mkubwa ambaye mtoto angeweza kulala ndani ya gamba lake. Msimamizi wa pale alitueleza habari za lile fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470, kwamba aliyeliona 1972 ni Bernard Ngeneo, Mkenya, wakati dunia nzima inajua tu jina la Leakey, mkubwa wa watafiti wale. Halafu akamtaja Kamoya Kimeu, aliyeona mifupa ya yule mvulana wa Turkana, naye binadamu wa kale, upande wa pili wa ziwa mwaka 1984. Nikamwuliza Kimeu wa wapi, ingawa jina lenyewe lilishaniambia. Mkamba mwenzangu! Alianza kama kibarua wa kuchimba, shahada hana, jicho tu. Nilisimama pale na aproni yangu, sijawahi kujivuna hivyo kwa kitu ambacho sikufanya.

Hata mzee Mjerumani alilegea siku hiyo, alipiga picha mpaka betri ikaisha, na jioni akaomba maharagwe tena.

Siku ya kutoka, langoni, afande wa zamu alikagua gari la mizigo vizuri, anatafuta mawe, watu huiba. Akatoa sufuria, akatikisa gunia la viazi, akakuta jerikeni imefungwa kwa kamba nyuma ya siti ya Guka, na Guka kanyamaza.

"Hii nini, mzee?"

"Maji ya ziwa."

"Ya nini?"

"Ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe. Mama watoto nyumbani anateketeza makaa mengi sana."

Afande akafungua kifuniko, akanusa, akaifunga mwenyewe na kuirudisha mahali pake, akaenda kuinua kizuizi huku mabega yanamtikisika.